Mbona mimi mapema, na Baba akiwa na mvi?

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Barua hii nimeichapa kwa kompyuta, unisamehe. Mwandiko wangu siku hizi unapanda na kushuka, ungeusoma kwa taabu.

Juzi kwenye simu uliniuliza swali nikabaki kimya: kama maradhi ni yaleyale ya Baba, mbona yeye yalimwanza akiwa na mvi, ameshapita miaka 50, na mimi yamenishika nina 33? Majibu ya damu yametoka, na swali lako nimempelekea daktari vilevile ulivyoliuliza.

Huu ugonjwa ni ataksia ya kurithi, yaani maradhi yanayovuruga mwendo na usawa wa mwili, ile wanayoiita aina ya pili. Chanzo chake ni jeni moja, yaani kipande cha maelekezo ya mwili tunachorithi kwa wazazi, iliyoko kwenye kromosomu ya 12, mojawapo ya mafungu yanayobeba jeni. Maelekezo hayo ni kama maandishi, na ndani ya jeni hiyo kuna herufi tatu, CAG, zinazojirudiarudia. Watu wengi wana marudio 22. Mwenye 33 au 34 anaweza kuugua, lakini aghalabu huanza baada ya miaka 50. Yakipita 45, mara nyingi mtu huanza hata hajatimiza miaka 20. Yangu ni 41. Ya Baba hayakupimwa kamwe, ila daktari anaamini yalikuwa machache kuliko yangu.

Yaliongezekaje njiani? Chukua kalamu, Mama, unakili neno moja mara 22 mfululizo bila kuhesabu. Utapotea tu. Kwa watu wengi, katikati ya zile CAG hupenya CAA moja hapa na pale, na hizo ndizo zinazozuia hesabu isipotee. Kwa wenye ugonjwa huu mara nyingi hazipo. Basi jeni inaponakiliwa kumwendea mtoto, marudio huongezeka, na huongezeka zaidi yakitoka kwa baba. Kwa hiyo wale wanaosema nimejiharibia mwenyewe kwa kukesha kazini huku, waambie waniache.

Kuna kipimo kimoja kilichonigusa. Daktari aliinua vidole viwili, kimoja kushoto kwangu, kimoja kulia, akaniambia nirushe macho kutoka hiki hadi kile bila kugeuza kichwa. Mimi nilijiona nafanya upesi kabisa. Kisha akanionyesha video: macho yanatambaa! Katika aina hii, kadiri marudio yanavyozidi ndivyo macho yanavyozidi kuwa mazito. Nikamkumbuka Baba alivyokuwa akigeuza kichwa kizima ili amtazame mtu, nasi tukimcheka kwamba ana maringo.

Lakini usiichukue namba hii ukaanza kupiga hesabu, nakujua. Watu wawili wenye 41 sawasawa wanaweza kupishana zaidi ya miaka kumi katika kuanza kuugua, kwa kuwa zipo jeni nyingine zinazochangia. Nilimuuliza daktari ni lini nitahitaji kiti cha magurudumu, akasema namba haimwambii hilo. Nilikasirika, nikidhani ananificha. Sasa namwelewa.

Mdogo wangu ameniandikia anataka kupima ingawa hana dalili. Ana nusu kwa nusu, kama nilivyokuwa mimi: ama amerithi, ama hakurithi. Ni mtu mzima, mwacheni aamue, msimsukume wala msimzuie. Ila kabla ya kutolewa damu akae kwanza na mshauri wa mambo ya jeni, maana jibu likishatoka halirudi. Wanangu siwapimi. Hawana dalili yoyote, na wakikua watajiamulia.

Nina ombi moja. Daktari anachora ukoo wetu, na kwa Babu ameacha alama ya kuuliza. Muulize Shangazi: Babu alianza kushika ukuta akitembea akiwa na umri gani? Na misuli ya miguu ilikuwa ikimkaza usiku? Hata kama hakumbuki mwaka, aseme nani alikuwa ameshazaliwa.

Mwanao akupendaye.