Nyumba za Wamalei na mwanga wa mchana

Mhariri,

Naishi Malaysia, katika nyumba ya safu iliyobanwa na majirani kulia na kushoto. Madirisha yako mbele na nyuma tu. Saa saba mchana, jua likiwa la utosi, siwezi kuchagua mchele jikoni bila kuwasha taa.

Hivi karibuni nilialikwa kijijini, jimbo la Melaka, kwenye nyumba ya mbao ya zamani ya Wamalei, kabila kubwa la hapa nchini, iliyoinuliwa juu ya nguzo. Madirisha yake yanashuka hadi karibu na sakafu, maana watu hukaa mkekani, na mwanga unawafuata hapo hapo walipoketi. Juu yake pana mbao zilizotobolewa nakshi. Asubuhi ile vipande vya mwanga vyenye umbo la maua vilitambaa taratibu mkekani. Paa lina upenu mrefu unaozuia jua kali, hivyo kinachoingia ndani ni mwanga mpole. Bibi mwenyeji wetu alitunga uzi kwenye sindano bila taa.

Sidai turudie mbao na makuti. Viwanja vya mjini ni haba. Lakini hata nyumba kongwe za mjini Melaka, ndefu na nyembamba, zina ua wa ndani ulio wazi juu. Wachoraji wetu wa ramani wanashindwaje kutuachia japo huo?

Msomaji wako,
Malaysia