Watafiti wa dini warudishe matokeo makanisani kabla ya kuyachapisha

Kwa Mhariri,

Tangu maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, vijana walipoanza kuhoji hadharani michango ya wanasiasa makanisani, kanisa letu hapa Kayole limepokea watafiti wanaotaka kujua uhusiano wa Wakristo wa kiinjili na siasa za nchi. Nawakaribisha kwa moyo mmoja. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 9.6 wa makanisa ya kiinjili, yaani asilimia 20.4 ya watu wote, na kundi kubwa kiasi hicho halifai kujulikana kwa mahubiri ya televisheni peke yake. Ninacholalamikia ni kwamba tunachunguzwa bila kushirikishwa, na matokeo yakishapatikana hatuyaoni tena.

Hojaji moja niliyoishika mkononi iliuliza kama mchungaji amewahi kuwaagiza waumini wampigie kura mgombea fulani, ndiyo au la. Akina mama waliokuwa wamekaa benchi moja nami walitia alama penye "la", nao walisema kweli, kwa sababu agizo la namna hiyo halijawahi kutolewa. Kinachotokea ni kwamba mheshimiwa huingia ibada ikiwa katikati, wazee wakanyanyuka kumpisha viti vya mbele, akapewa kipaza sauti asalimie kanisa, salamu zikachukua robo saa, kisha akaitwa madhabahuni kuwekewa mikono na kuombewa. Anapoondoka, bahasha imebaki kwa mweka hazina na kila mtu ameshaelewa. Mtafiti alikwenda zake na takwimu safi kabisa, zisizo na chembe ya siasa. Lau angemketisha mmoja wa akina mama hao pembeni yake wakati wa kutunga maswali, angeambiwa mapema kwamba jambo la kuuliza ni nani hupewa kipaza sauti, kwa idhini ya nani, na baada ya kutoa nini.

Hojaji hiyo pia haikugusa daftari letu la matumizi, ambalo kurasa zake zimejaa gharama za kusafirisha maiti, kodi ya nyumba ya mjane aliyefungiwa mlango na karo ya mtoto aliyerudishwa nyumbani. Sijui kwa nini mambo hayo hayahesabiwi kuwa maisha ya umma, ilhali ndiyo yanayomfanya muumini amsikilize mchungaji kuliko chifu.

Hata hivyo, kushirikisha jamii si kumshirikisha mchungaji tu. Historia ya kanisa na siasa nchini mwetu imeandikwa zaidi kupitia viongozi: Maaskofu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari wa Anglikana, na Kasisi Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri (PCEA), waliopaza sauti enzi za kura ya mlolongo ya 1988, wapiga kura walipopanga foleni hadharani badala ya kupiga kura ya siri, na miaka iliyofuata. Wanastahili heshima hiyo. Lakini katika kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, viongozi wengi wa makanisa, wa kiinjili wakiwa mstari wa mbele, waliwahimiza waumini waikatae Katiba kwa sababu ya kifungu kuhusu uavyaji mimba na mahakama za Kadhi, na bado Katiba ilipita kwa takriban asilimia 67 katika nchi ambayo Wakristo ni zaidi ya asilimia 80. Ni dhahiri kwamba waumini wengi walimsikia mchungaji wao, wakaitikia amina, kisha wakapiga kura walivyotaka. Mtafiti anayeridhika na mahojiano ya ofisini mwa mchungaji hawezi kuwafahamu watu hao, wala hawezi kuwafikia vijana waliohama kanisa kimyakimya. Na pale ambapo kiongozi mwenyewe ndiye tatizo, kumpa mamlaka ya kuchagua wa kuhojiwa ni hatari. Kutoka msitu wa Shakahola, ambako zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyedaiwa kuwahimiza wafunge hadi kufa ilifukuliwa kuanzia 2023, tunajua gharama ya kutowasikiliza jamaa na majirani.

Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, humtaka mtafiti awasilishe ripoti yake kwa tume hiyo. Vyema, ila ripoti iliyowekwa ofisini haimfikii muuza mboga aliyeacha kibanda chake ili ajibu maswali. Napendekeza vyuo vikuu na vyuo vya theolojia vya hapa Nairobi vimtake kila mtafiti wa makanisa asome muhtasari wa matokeo yake kwa Kiswahili, mbele ya waliohojiwa, kabla hajachapisha. Kanisa lisiwe na uwezo wa kufuta lisilolipendeza, la sivyo utafiti utageuka tangazo. Ila waumini wakipinga jambo, pingamizi lao liandikwe kando ya hoja ya mtafiti. Idhini iombwe kwa kila anayehojiwa, si kwa mchungaji kwa niaba ya wote, maana Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huihesabu imani ya mtu kuwa taarifa nyeti.

Kwa upande wetu, ukumbi upo Jumamosi alasiri bila malipo, na daftari la matumizi tutalifungua, mradi majina ya waliosaidiwa yafichwe.

Katibu wa kanisa,
Kayole, Nairobi