Barua ya wazi kwa Kamishna wa Umoja wa Ulaya Jozef Síkela kuhusu koltani ya Rubaya

Mheshimiwa Kamishna,

Nakuandikia nikiwa mtu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, na kwa heshima, kwa sababu najua ulichokifanya ukiwa waziri wa viwanda na biashara wa Jamhuri ya Czech. Mwaka 2022 Urusi iliivamia Ukraine, bei ya gesi ikapaa, na nusu ya pili ya mwaka huo zamu ya kuongoza vikao vya mawaziri wa Ulaya ilikuwa ya nchi yako. Uliwaita mawaziri wa nishati Brussels kwa dharura, tena na tena, nchi 27 zinazovutana. Tarehe 19 Desemba walikubali kikomo cha bei: yuro 180 kwa megawati-saa. Wewe uliyetoka benki, si chamani, uliwakalisha mezani mpaka wakaelewana.

Tangu Desemba 2024 umekabidhiwa ushirikiano wa kimataifa, na humo umerithi hati ya makubaliano ya madini kati ya Umoja wa Ulaya na Rwanda, iliyotiwa saini Februari 2024.

Miezi michache baada ya saini hiyo, waasi wa M23 waliiteka Rubaya, kule Masisi, penye migodi ya koltani, madini yanayotumika kwenye simu na vifaa vingine vya elektroniki. Mchimbaji wa pale anachimba kwa mkono, anaosha mchanga kwenye maji ya kijito, anabeba gunia mgongoni hadi kwa mnunuzi, na ushuru unachukuliwa na wenye bunduki. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa kundi hilo linapata takriban dola 800,000 kwa mwezi. Koltani hiyo, walisema, inavushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Ikishachanganywa na kubandikwa lebo, afisa wa forodha bandarini Ulaya ataitambuaje?

Februari 2025, mji wa Goma ukiwa umekwisha kuanguka mikononi mwa M23, wabunge 443 wa Ulaya walipiga kura kutaka hati hiyo isimamishwe. Machi mkaweka vikwazo kwa makamanda na kwa kiwanda cha kusafishia dhahabu cha Gasabo, nchini Rwanda, hilo tulilipokea vizuri. Lakini kuhusu hati tuliambiwa tu kwamba inapitiwa upya. Watu wa Masisi waliokimbia makwao hawawezi kuishi kwa mapitio.

Ninachoomba ni hiki: hati isimamishwe rasmi, na isirudishwe mpaka wakaguzi huru waruhusiwe kufuata gunia kutoka shimoni hadi ghala la Kigali, na ripoti yao itolewe hadharani, kwa Kiswahili pia, ili wachimbaji waisome.

Wako,
Mkazi wa Kivu