Kwa Nini Hatukubali Kukuwekea Akaunti "Yoyote Tu" Kwenye Simu Mpya

Wiki iliyopita mteja mmoja alirudi dukani kwetu na simu aliyoinunua miezi mitano kabla, akaiweka mezani kwa kishindo na kutuambia, mbele ya wateja wengine, kwamba tumemfungia simu yake ili alipe mara ya pili. Alikuwa amesahau mchoro wa kufungulia skrini, jirani akamfundisha kubonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti mpaka simu ikajifuta yote, na ilipowaka upya ikamdai barua pepe na neno la siri la akaunti ya Google iliyokuwemo awali. Hakuwa na hili wala lile. Siku aliyoinunua tulimwomba aketi nasi tufungue akaunti yake mwenyewe, akakataa kwa kuwa alikuwa na haraka na kwa kuwa hakuona sababu ya kulipia jambo ambalo, kwa maneno yake, ni kuwasha simu tu. Kijana mmoja wa mtaani kwake ndiye aliyemwekea akaunti "yoyote tu" kwa dakika tatu, na kijana huyo sasa hakumbuki alichoandika.

Lawama za aina hii zinatufikia mara nyingi kiasi kwamba tumeona ni heri tuzijibu kwa maandishi.

Kufuli hiyo ya kudai akaunti ya awali haifungwi na muuzaji. Google iliiingiza katika mfumo wake wa simu, Android 5.1, mwaka 2015, na Apple ilikuwa imetangulia kuweka ya kwake katika mfumo wa iPhone, iOS 7, mwaka 2013, kwa lengo lile lile la kumnyima mwizi faida: hata akiifuta simu aliyoiba, haitamfaa kitu mpaka aingize akaunti ya mwenyewe. Ni kinga nzuri, nasi tunaisifu kila siku, lakini haina macho ya kumtofautisha mwizi na mwenye mali aliyesahau. Kwa simu, asiyejua neno la siri si mwenye simu, hata kama risiti anayo mfukoni.

Tunalisema hili kwa ukali kwa sababu na sisi tuliwahi kukosea. Tulipoanza kazi, ili foleni isonge, tulikuwa na akaunti moja ya duka tuliyoiweka kwenye simu ya kila mteja asiyekuwa na barua pepe, tukidhani tunamsaidia. Baada ya muda mama mmoja alikuja na hofu kubwa kwa kuwa orodha yake ya majina ilikuwa imejaa watu asiowajua, wakiwemo fundi bomba, mchungaji na mtu aliyeandikwa "Usipokee". Majina ya wateja wetu wote yalikuwa yakihifadhiwa kwenye akaunti ile moja na kurudi kwenye simu za wote. Ilitubidi tuwatafute wateja mmoja mmoja na kuwatengenezea upya bila malipo, na tangu siku hiyo hatugusi simu ya mtu kwa akaunti isiyo yake.

Njia nyingine ya mkato, ambayo watu huiona ya heshima zaidi, ni kutumia akaunti ya mtoto au mjukuu. Mzee mmoja mstaafu aliwekewa simu na mjukuu wake kwa namna hiyo, na kwa mwaka mzima mambo yakaenda vizuri, isipokuwa picha za sherehe za mjukuu zilimfikia babu bila mjukuu kujua. Kijana alipopoteza simu yake mwenyewe, alifanya jambo la busara: alibadilisha neno la siri na kuiondoa akaunti kwenye vifaa vyote vilivyounganishwa nayo. Simu ya mzee ilikuwa mojawapo, na majina yote aliyoyakusanya yakaondoka pamoja na akaunti. Hapakuwa na mwizi wala fundi mbaya katika kisa hiki, ila mali ya mtu mmoja iliyokuwa imewekwa kwenye sanduku la mwingine.

Hata aliyefungua akaunti yake mwenyewe hajamaliza kazi kama hakuweka njia ya kuirudisha. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti ndiyo tunayoigombania zaidi na wateja, kwa sababu wengi huandika namba ya laini iliyokuja na ofa kisha wakaitupa laini ofa ilipokwisha. Kampuni za simu huzigawa upya namba zilizokaa bila kutumika, kwa hiyo siku moja ujumbe wenye tarakimu za kukuthibitisha unaweza kumfikia mtu usiyemfahamu. Tunaomba namba unayokusudia kudumu nayo, iliyosajiliwa kwa jina lako, na barua pepe ya pili ya mtu unayemwamini. Neno la siri unaliandika wewe kwenye simu na kwenye karatasi utakayoihifadhi nyumbani, mbali na boksi la simu, maana boksi ndilo la kwanza kupewa watoto kuchezea. Sisi hatulihifadhi popote, na fundi yeyote anayejitolea kukuwekea kumbukumbu ya neno lako la siri ni wa kuogopwa.

Wanaotuuliza tunafanya nini muda wote tunaokaa na simu mpya tunawajibu hivi. Kwanza tunabonyeza *#06# na kulinganisha namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ambayo ina tarakimu 15, na ile iliyo kwenye boksi na risiti, kisha tunaiacha simu ipakue masasisho ya usalama, na hapo ndipo dakika nyingi huishia. Kufuli la skrini tunashauri liwe na tarakimu sita, kwa kuwa nne zina michanganyiko 10,000 tu ilhali sita zina milioni moja, na mchoro unaochorwa kwa kidole huacha alama ya mafuta inayosomeka ukiuelekeza mwanga kwenye kioo. Laini nayo tunaiwekea PIN yake, yaani namba ya siri ya kuifungulia, kwa sababu mwizi anaweza kuichomoa na kuitia kwenye simu nyingine akapokea ujumbe wako wote. Ukikosea PIN hiyo mara tatu laini itadai PUK, namba ndefu ya kuifungua inayotolewa na kampuni ya simu, nayo PUK ikikosewa mara kumi laini imekufa. Habari ya kuchaji simu mpya kwa muda wa saa nane kabla ya kuiwasha tunaipuuza, kwani ni ushauri uliobaki kutoka enzi za betri za zamani.

Kuhamisha WhatsApp ndiko kunakotaka utulivu. Mteja aliyekwisha kuiweka mwenyewe kabla ya kutufikia mara nyingi ameruka ule ukurasa unaouliza kama arudishe nakala ya mazungumzo, akidhani atafanya baadaye. Usiku simu mpya hutengeneza nakala yake iliyo karibu tupu na kuiweka mahali pa ile ya zamani, na mazungumzo ya miaka hayapo tena. Ndiyo maana sisi tunatengeneza nakala kwenye simu ya zamani kwanza, tukahakikisha tarehe yake, na hatumruhusu mwenyewe aifute simu hiyo mpaka ameona ujumbe wake kwenye mpya. Tunaweka pia uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ya WhatsApp, na tunamwambia kila mteja kwamba zile tarakimu sita za kusajili WhatsApp zinazotumwa kwa ujumbe hazitajwi kwa mtu yeyote, tukiwemo sisi. Programu zinazotumwa kwa kiungo na kuomba ruhusa ya kusoma skrini nzima tunaziondoa bila mjadala.

Kuna watakaokuambia kwamba hayo yote hayana maana kwa kuwa wao huipita kufuli ya akaunti kwa bei ndogo. Baadhi yao huweza kweli, kwa kutumia matundu ya mfumo au kwa kuflashi simu, yaani kuipakia upya mfumo wake, kwa mfumo wa zamani au uliofanyiwa marekebisho. Tumezipokea simu kama hizo zikiwa hazipati masasisho tena, au programu ya benki ikikataa kufunguka kwa kuwa imegundua mfumo umechezewa. Atakayelipa gharama za hapo ni wewe, na mara nyingi zinazidi kile ulichokikwepa mwanzoni.

Simu ya yule mteja hatukuiflashi. Tulimtaka alete boksi na risiti, IMEI zikalingana, tukaipeleka kwenye kituo cha huduma cha watengenezaji, ambao huweza kuondoa kufuli pakiwa na uthibitisho wa ununuzi, na ikarudi imefunguliwa lakini bila picha hata moja ya hiyo miezi mitano. Tulimtoza gharama ya huduma kamili, naye alilipa akinung'unika. Kisha akaketi, tukafungua akaunti kwa jina lake, na zamu ya kuandika neno la siri ilipofika alitugeuzia mgongo, akaificha simu kifuani na kuandika polepole, herufi moja moja.