Barua kwa Husna: mkono wa Juma

Morogoro, Jumapili

Mpendwa Husna,

Natumaini nyote wazima hapo Mwanza, na Juma anaendelea kupata nafuu. Mpe pole yangu tena.

Umeuliza kama mliharibu kumwagia maji mkono wake baada ya ile betri ya simu iliyovimba kulipuka. Hamkuharibu, mlifanya sawasawa. Jirani yako wa duka la vipuri, anayesema lithiamu ya betri haitakiwi kuguswa na maji, amechanganya mambo. Lithiamu tupu, ile metali yenyewe, ikikutana na maji hutoa joto na haidrojeni, na huweza kuwaka. Betri ya simu ni ya ioni za lithiamu, metali iliyo tupu ndani yake ni kidogo mno, kama ipo. Lakini usimcheke sana, maana hata madaktari wamevutana. Wapo walioshauri jeraha lipimwe kwanza kwa karatasi ya litimasi, ile inayobadilika rangi, likionyesha alikali, yaani kinyume cha asidi, lisafishwe kwa mafuta ya madini badala ya maji. Sasa hapo dukani kwako nani ana mafuta hayo? Bomba lipo.

Kinachonitisha mimi ni majimaji ya ndani ya betri. Yana chumvi yenye florini, nayo ikipata unyevu hutoa asidi ya haidrofloriki. Najua utaniambia, basi maji ndiyo yanayoizalisha! Mwenzangu, jasho la ngozi tu linatosha kuizalisha. Ndiyo maana nataka maji yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, yaisombe iende zake, siyo kitambaa kibichi kilichobandikwa juu. Asidi hii ina hila: ngozi yaweza kuonekana nyekundu kidogo tu, kumbe maumivu yanakuja baadaye, makali kuliko unachokiona. Hunyakua kalsiamu ya mwili, na ikiingia nyingi huvuruga mapigo ya moyo. Dawa yake ni jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5. Kwa hiyo mkifika hospitali msiseme "ameungua" tu, semeni ni betri.

Mwaka 2016 madaktari wa hospitali ya Harborview, kule Seattle, Marekani, waliandika juu ya wagonjwa 15 waliolipukiwa na sigara za kielektroniki, ambazo nazo hutumia betri za aina hii. Wengi waliunguzwa na moto, lakini theluthi moja walikuwa na majeraha ya kemikali. Hizo ni ajali mbili ndani ya moja, na ukitibu moto peke yake umeiacha ya pili inaendelea kula nyama.

Mengine unayajua: pete na saa zivuliwe kabla mkono haujavimba, malengelenge yasitumbuliwe, dawa ya meno na asali vibaki nyumbani. Sindano ya pepopunda aulizie. Na ule moshi alioupumua, akianza kukohoa au kifua kubana, hata kama ni siku ya pili, arudi hospitali.

Sasa nina swali langu. Umesema amefungwa bandeji na vidole hataki kuvijongeza. Mkono ulioungua ukikaa bila kujongezwa hukakamaa, na fundi simu bila vidole atakula nini? Aulize kliniki mazoezi aanze lini. Halafu uniandikie: kidole gumba kinafika kwenye kile cha mwisho, au kinaishia njiani?

Wako,
Rehema