Mwashi angoje kwanza

Malindi, Jumapili usiku

Sahibu yangu,

Assalamu alaykum. Picha za jiko lenu jipya la Shela, Lamu, nimezitazama moja moja. Mabomba ya gesi yamenyooka na yamekazwa vizuri ukutani. Ila uliposema mwashi anaanza kupiga lipu kesho kutwa, roho ilinishtuka. Mzuie. Viungo vyote vikae wazi mpaka kipimo kipite, yaani mabomba yatiwe presha tuone kama yanavuja. Kuta zenu za mawe ya matumbawe ni nene. Gesi ikivuja humo utaitafuta kwa kubomoa.

Ninaloogopa zaidi ni haraka ya kabla ya kutia presha. Jiko lenyewe la kupikia na regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi, vitolewe kabisa kwenye laini, na mtungi uwekwe mbali. Kufunga koki hakutoshi, maana koki hupitisha. Kila ncha ya bomba izibwe kwa plagi, kizibo cha kukaza kwa uzi kama skrubu, hata ile ya nyuma ya kabati ambayo hakuna anayeiona. Regyuleta ya nyumbani hutoa kama milibari 30 tu. Presha ya kipimo ni kubwa kuliko hiyo, na inaweza kuupasua utando wake wa mpira ndani kwa ndani, kwa nje usione kitu.

Cha kutia ni hewa ya kompresa au nitrojeni. Mchomeleaji akikuletea oksijeni, hata kwa wema, mkatalie: ikikutana na mafuta yaliyobaki kwenye uzi wa bomba hulipuka. Nitrojeni nayo isifunguliwe bila regyuleta yake, kwa kuwa mtungi ukijaa una zaidi ya bari 100. Madirisha yawe wazi.

Fanyeni alfajiri, tafadhali. Lile bomba linalopita juu ya paa likipigwa na jua, hewa ndani hupanuka na mshale wa geji ya kupimia presha hupanda, ukadhani mambo sawa kumbe kiungo kinavuja. Ngojeni presha itulie, kisha mpake povu la sabuni kwa brashi, kiungo kwa kiungo, upande wa ukutani pia. Hapo chukueni muda wenu. Mtu asisimame mbele ya plagi, wala asiilegeze kabla mshale haujarudi sifuri.

Nipigie picha ncha zote zilizozibwa kabla kompresa haijawashwa. Plagi zikipungua nijulishe saizi, nizitie kwenye basi la Mokowe uzipokee gatini.

Wasalimie wote nyumbani.

Nduguyo wa Malindi