Kwenu wanangu mnaosema "natangulia, mtanifuata"

Wanangu,

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kikao cha familia hapa Buhongwa, Mwanza, tangu saa nne asubuhi mpaka jua linazama, tukiwasuluhisha kijana mmoja na mkewe, watoto wawili ninaowapenda. Nilitoka pale na hasira, na haijaisha, kwa hiyo mtanivumilia nikipandisha sauti. Nawaandikia ninyi wenye ndoa changa na watoto wadogo, mlioshika barua mbili za kazi kutoka miji miwili na hamjajibu bado.

Kijana ninayemsema ni mtoto wa marehemu dada yangu, kwa hiyo ni wangu. Ni mhasibu. Mwaka 2022 alipata kazi mbili ndani ya mwezi mmoja, baraka ambayo wenzake wanaiomba miaka na miaka. Moja ilikuwa hapahapa Mwanza, kiwanda cha samaki, mshahara 1,500,000. Ya pili Dar es Salaam, kampuni ya kutoa mizigo bandarini, 2,000,000. Mkewe ni mwalimu wa sekondari ya serikali. Walikuwa na mtoto wa miaka minne na mwingine wa miezi saba.

Mkewe alizisikia habari za Dar siku moja na sisi, sebuleni kwangu, kijana alipokwisha kusaini. Sisi wazee tulifanya nini? Tulipiga vigelegele. Nami nilipiga. Mjomba wake akasema Dar ndiko kwenye hela, mwanamume hakatai laki tano. Binti alikuwa amempakata mtoto, akatabasamu kwa adabu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza neno. Kijana akasema, "Natangulia, mtanifuata Januari." Zimepita Januari tatu.

Sasa tuihesabu hiyo laki tano, maana tulishangilia kitu ambacho hakikuwepo. Katika 2,000,000, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua 200,000. Kodi ya mshahara inapigwa kwenye 1,800,000 iliyobaki, na kwa kuwa milioni ya kwanza inakatwa 128,000 na kila kinachozidi hapo kinakatwa asilimia 30, inaondoka 368,000. Bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, inayomdai aliyesomeshwa kwa mkopo, inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 300,000. Anabaki na 1,132,000. Rudieni hesabu hiyohiyo kwa ile 1,500,000 ya Mwanza: NSSF 150,000, kodi 233,000, bodi 225,000, anabaki na 892,000. Laki tano iliyotutoa machozi ya furaha ni 240,000.

Akapanga vyumba viwili Mbezi kwa 250,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba alitaka ya miezi 6 kwa mkupuo, na dalali akachukua ya mwezi mmoja. Jumla 1,750,000 kabla hajanunua godoro, nyingine ya kukopa. Huku Mwanza kodi ya nyumba ya mkewe na watoto iliendelea kulipwa kama kawaida. Kwa hiyo nyongeza ni 240,000, pango jipya ni 250,000. Mwanangu alikuwa akitoa shilingi 10,000 mfukoni kila mwezi ili aishi mbali na wanawe! Hapo sijataja daladala, wala chakula cha mama ntilie kwa mtu anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku kwa sababu ya foleni, wala basi la kuja huku sikukuu.

Hesabu hii niliifanya Jumamosi, nyuma ya bahasha, kwa dakika kumi. Ingewezekana kufanywa 2022. Yeye ni mhasibu, na anawafanyia wengine hesabu ngumu kuliko hii.

Lakini si hela iliyoniliza. Kijana alipoingia kikaoni, yule aliyekuwa wa miezi saba, sasa anakaribia miaka minne, alimpa shikamoo vizuri sana, akaenda kabatini, akatoa glasi. Mnazijua zile glasi za kabatini, zile za wageni. Akaomba amiminiwe maji, akaja nayo kwa mikono miwili, akapiga goti, akampa baba yake. Hakuna aliyemtuma. Alifundishwa kuwa mtu akitoka safari ndivyo anavyopokelewa, na huyu kila akija anatoka safari. Kijana aliipokea ile glasi akashindwa kunywa.

Kwa hiyo nawaomba, acheni kulisema neno "natangulia" kirahisi. Kutangulia kuna haki yake pale mnapojua kwa muda gani. Mathalani kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimfikii aliye chini ya miezi 6 kazini, na ni busara mke asiache kibarua chake kabla mume hajavuka hapo, au mume asiache chake kama aliyeitwa ni mke. Lakini tarehe iandikwe. Ikipita, mmoja arudi au wote wahame. "Tutaona" si tarehe. "Mambo yakikaa sawa" si tarehe. Nimeuguza watu miaka 34, na nimeona wagonjwa wangapi ambao ndugu wa kutia sahihi yuko mji mwingine, simu haipatikani, yuko kwenye foleni.

Na msijidanganye kwamba mwenzenu mtumishi wa umma atahamishwa upesi kwa kuwa ameandika barua ya kumfuata mwenza. Binti yetu aliandika mwezi uleule wa kwanza, akaambiwa shule haina mwalimu mwingine wa hesabu, asubiri. Na kweli haina, watoto wa watu wangebaki bila somo. Swali hilo liulizwe kabla ya kusaini, kwa mwajiri wake, kwa maandishi.

Mimi pia nilipita njia hii, hamtasema nahubiri nisichokijua. Mwaka 1987 mume wangu, fundi wa reli, aliitwa Tabora kwa cheo cha juu. Wiki hizohizo nilikuwa nimeambiwa nishike wodi hapa Mwanza. Alitaka kwenda. Akaja na jambo ambalo mpaka leo namwombea kwa ajili yake: alisema tusiamue tukiwa hatujapaona. Tulipanda treni, tukakaa Tabora siku nne kwa binamu yake. Nilitembea kwa miguu kutoka kwenye nyumba tuliyoonyeshwa hadi hospitali, saa ileile ambayo ningekuwa nakwenda zamu ya usiku. Tulifungua bomba asubuhi, mchana na jioni. Tuliulizia shule ya mtoto iko wapi na anavuka barabara gani. Siku ya nne tukakaa barazani wawili, tukaongea mpaka taa ya chemli ikaisha mafuta. Tukaamua kubaki Mwanza. Alinuna wiki mbili, nami nikamwacha anune, maana alichokiacha kilikuwa kikubwa. Cheo alikipata 1990, hapahapa.

Nasema hivyo si kwamba Mwanza ndiyo jibu. Wapo ambao jibu lao ni Dar, au Dodoma, ambako serikali imehamia na treni ya umeme inafika tangu 2024, na wametulia na wanao. Nasema nendeni mkalale huko. Pandeni daladala saa ya kazi, siyo Jumapili saa nane mchana halafu mseme mji hauna foleni.

Mengine nayataja tu, mtayafanyia kazi wenyewe. Ulizeni kama mwajiri atagharamia kuhamisha familia na mizigo. Hakikisheni mkataba unataja mahali ulipoajiriwa, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamdai mwajiri nauli ya kukurudisha hapo wewe na mizigo yako ajira ikikoma. Ulizeni bima ya afya inawahusu watoto. Msimhamishe mtoto katikati ya muhula kama Januari iko karibu. Fikirini wazazi wenu wazee wako umbali gani. Ulizeni mshahara hapo unalipwa tarehe ngapi, na waulizeni walioko ndani, siyo aliyekufanyia usaili.

Na sisi wengine tusijifiche nyuma ya vijana. Tumewalea wakiamini kwamba anayebaki ameshindwa. Mtu akiulizwa mwanao yuko wapi, "yuko Dar" inatamkwa kwa kifua mbele, "yuko hapa tu" inatamkwa kwa sauti ya chini, hata kama huyo wa hapa tu ndiye anayetupeleka kliniki. Waajiri nao wanampa mtu siku mbili ajibu, kana kwamba anayehama ni begi. Wenye nyumba mnaodai kodi ya miezi 6 au mwaka kwa mtu anayelipwa kwa mwezi, mnawasukuma vijana kwenye mikopo siku yao ya kwanza mjini. Na ninyi mabinti, wanangu, tabasamu la adabu mbele ya wakwe si ridhaa. Kama una neno, mwambie mumeo chumbani usiku uleule, hata kama sisi tumeshapiga vigelegele. Tutajifunza kunyamaza.

Kijana wetu hakubisha. Alilia, akasema alikuwa anaona aibu kurudi kabla hajajenga. Nilimshika kichwa kama alivyokuwa mdogo. Hakuwa na nia mbaya hata siku moja, alituamini sisi.

Sasa ana barua nyingine, ya hapa Mwanza, pungufu ya anacholipwa Dar, na mkewe ameambiwa shule moja ya Dar ina nafasi ya mwalimu wa hesabu, wakipata wa kubadilishana naye. Mambo yamerudi palepale, miji miwili. Mjomba wake ameshapiga simu akitaka tukae tena kikao Jumamosi ijayo, na nimemwambia hakuna kikao. Kijana anakuja na basi Ijumaa. Jumamosi asubuhi nitawachukua watoto wote wawili, nitawapeleka Kamanga wakatazame pantoni ikipakia magari, tutakula sato hukohuko, na hatutarudi kabla ya magharibi. Nyumba nimewaachia wao wawili, na daftari na kalamu nimeviweka mezani.

Mama yenu,
muuguzi mstaafu, Mwanza